Krauni haiozi, jino lililo ndani yake ndilo huoza

Krauni, au kofia ya jino kama wengi wanavyoiita, iwe ya kauri au ya chuma, haitobolewi na bakteria. Kinachooza ni jino lililobaki ndani, na uozo huanzia pale ukingo wa krauni unapokutana na jino, usawa wa ufizi au ndani yake kidogo. Ukoga hupenda sana kujificha hapo, na kati ya jino na jino mswaki haufiki. Jino lililotibiwa mzizi halina tena mshipa wa fahamu, hivyo laweza kuoza bila kuuma hata kidogo. Usisubiri maumivu.

Kata uzi wa meno wa sentimita 45 hivi, uzungushie kwenye vidole vya kati, ubakize kipande kifupi cha kushika. Upitishe taratibu ukiuvuta huku na huku. Ukiusukuma kwa nguvu utaingia ghafla na kukata ufizi. Ukishapita, ukunje ulikumbatie jino, uingize ndani ya ufizi mpaka ugome wenyewe, kisha usugue kuelekea ncha ya jino mara nne au tano. Halafu geukia jino la jirani kwa sehemu safi ya uzi. Mara moja kwa siku yatosha, hasa usiku. Uzi wa cherehani usiutumie, unakata.

Kama krauni ni ya muda, usiuvute uzi kurudi ulikoingilia. Achia upande mmoja, uchomoe kwa pembeni, kwa sababu simenti yake, yaani gundi inayoishikiza kwenye jino, ni dhaifu makusudi na krauni itang'oka.

Damu ikitoka siku za mwanzo, wengi huacha, na hilo ndilo kosa ninalolisikitikia zaidi. Ufizi unavuja kwa sababu umevimba kwa ukoga. Endelea kwa upole, kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea kwenye krauni moja tu, shuku simenti iliyosalia ndani ya ufizi au ukingo usiokaa sawasawa. Uzi unaonasa au kuchanika mahali palepale kila siku unaashiria jambo hilohilo, au uozo umeshaanza. Mwambie daktari ni upande upi hasa unaponasa, apachunguze na kupiga picha ya eksirei.