Kocha wa kujitolea hana mshahara wa kukatwa

Jumamosi moja mwezi wa Machi, kwenye kiwanja cha shule ya msingi upande wa Mabatini, makocha wawili walishikana mashati mbele ya watoto wa timu zote mbili. Mechi ya chini ya miaka 15 ilikuwa imekwisha, bao moja kwa moja, hakuna penalti ya utata wala kadi nyekundu. Wazazi waliokuwa pembeni walidhani wanamgombania refa. Nilipofika karibu nikasikia neno moja linarudiwa: "Umeniibia."

Aliyedaiwa kuibwa alikuwa kipa wa miaka 13. Alikuwa amesimama nyuma ya goli na glavu zake mkononi, anasikiliza kila kitu.

Naratibu ligi ya watoto hapa Mwanza kwa msimu wa tisa sasa. Ratiba na viwanja nilivizoea mapema. Kazi iliyonichukua miaka kuielewa ni hii ya kusuluhisha makocha, na naiandika kwa ajili ya waratibu wenzangu, hasa wanaoanza, kwa sababu nilivyoianza mimi nilikosea na watoto ndio walioumia.

Nilianza na kitabu cha kanuni. Kocha akikosa, faini. Akirudia, kufungiwa. Hivyo ndivyo tulivyoona ligi kubwa zinavyofanya, tukaiga. Lakini kocha wa kujitolea hana mshahara wa kukatwa wala mkataba wa kuvunja. Mchana anaendesha bodaboda au anapiga plasta, saa kumi jioni anakuja kiwanjani na mipira miwili ya kwake. Ukimtoza shilingi elfu hamsini hatalipa, atabaki nyumbani, na watoto ishirini watabaki naye. Ujira wake ni kuitwa mwalimu. Ni mama mmoja kumsimamisha sokoni amwambie mwanangu siku hizi anaamka mwenyewe. Karibu kila ugomvi niliousikiliza, ukiufukua hadi chini, unakuta mtu ameona ujira huo umeguswa.

Msimu wangu wa pili niliamua shauri la mchezaji aliyezidi umri, nikaandika uamuzi kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi, hata leo ningeamua vilevile. Ila kundi lile lilikuwa na wazazi ndani yake. Kocha yule alisomewa kosa lake na watu anaokutana nao dukani kila asubuhi. Hakujibu. Jumamosi iliyofuata timu yake haikuja, wala iliyofuata, na wapo watoto ambao sikuwaona tena kwenye kiwanja chochote. Nililiomba msamaha kundi zima. Yeye hakuwemo tena kuupokea.

Tangu hapo siamui kitu siku ya mechi, na hakuna uamuzi unaoandikwa mahali popote kabla mhusika hajausikia kwa mdomo wangu, sisi wawili tu. Mwenye malalamiko anaandika, hata kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na kunifikishia kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumatatu. Usiku mbili hizo zina kazi yake. Malalamiko mengi hufia hapo katikati, na yale yanayobaki huja yamepoa na yana jambo ndani.

Turudi kwa kipa.

Jumatatu karatasi ililetwa. Mistari mitatu: mchezaji wangu amesajiliwa Igoma bila ruhusa yangu, ni mali yangu, nataka pointi. Kwa kanuni, shauri lilikuwa jepesi. Usajili ulifuata utaratibu, mama alisaini, dirisha la usajili lilikuwa wazi. Ningeweza kulifunga kwa dakika tano na kumpoteza mwalimu aliyefundisha watoto mtaani kwake kwa zaidi ya miaka kumi.

Nikamfuata kijiweni kwake. Mimi huenda wanakofanyia kazi, kila mmoja peke yake, na naanza na mkubwa kwa umri. Mdogo namwambia wazi kwamba nimeanza na mkubwa, naye huelewa, ndivyo tulivyolelewa. Sikumuuliza kuhusu usajili. Nilimuuliza, "Ulianzaje na huyu mtoto, mwalimu?"

Akaongea mpaka wateja wawili wakachukua pikipiki nyingine. Mtoto alikuja kwake na miaka kumi, akiwa mwoga wa mpira wa juu. Glavu alimnunulia mara mbili, kwa hela ya bodaboda. Alipoteguka kidole, yeye ndiye aliyempakia kumpeleka zahanati usiku. Mwishoni akatoa simu, akanionyesha picha. Timu ya Igoma imemweka yule mtoto kwenye ukurasa wake, chini imeandikwa: kipa wetu tuliyemwibua wenyewe. Pointi hakuzitaja tena, na mimi sikumkumbusha.

Kocha wa Igoma ni kijana, fundi ujenzi. Nilimkuta juu ya jukwaa la mbao, akashuka, akanipa shikamoo kabla sijafika. Alinieleza kwamba familia ilihama, mama akamleta mtoto mwenyewe. "Ningemkataa, kaka?" Maneno ya picha yaliandikwa na kijana anayemsaidia mambo ya simu. Je, alimwarifu mwenzake? "Nilitaka kumpigia. Nikaona aibu kumpigia mwalimu mkubwa kumwambia mtoto wake yuko kwangu. Siku zikapita."

Hapo lazima nieleze lile neno "mali", kwa sababu lina mizizi na mratibu asipoijua atadhani ni kiburi. Makocha wetu wamesikia kwamba mchezaji akiuzwa nje, waliomlea wanalipwa. Ni kweli, ila wamesikia nusu. Kanuni za FIFA za uhamisho, zilizofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2001, zina fidia ya mafunzo inayohesabu miaka ya malezi kuanzia 12 hadi 21, na kuna mgawo wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unaogawanywa kwa waliomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una asilimia 5 ya fungu hilo, na kuanzia 16 kila mwaka una asilimia 10. Nusu ambayo hawakuisikia ni kwamba analipwa klabu iliyosajiliwa chini ya shirikisho la nchi. Mwalimu kama mtu binafsi halipwi. Timu ya mtaa isiyo na usajili haimo kwenye hesabu hata kama ilimlea mchezaji bora wa Afrika.

Kwa hiyo nimewaona watu wakivunjiana urafiki kwa ajili ya fedha ambayo, kwa jinsi timu zao zilivyo, isingewafikia kamwe. Siku hizi naieleza hesabu hii kwenye semina ya kufungua msimu, ubaoni, kwa chaki, na nawaomba wenye nia waisajili timu. Inapunguza moto. Haiumalizi, kwa sababu fedha ni sehemu tu ya kidonda.

Kikao cha pamoja tulikifanya Nyakato, katikati ya njia, ndani ya darasa ambalo si la yeyote kati yao. Niliwakalisha upande mmoja wa dawati na mimi upande wa pili, karatasi katikati. Wakikaa wakitazamana, kila mmoja anamjibu mwenzake usoni. Wakikaa bega kwa bega wanaitazama karatasi.

Mtoto hakuja. Hili silegezi hata nikiombwa na wazazi: mtoto haulizwi mbele ya walimu wawili anamtaka nani. Jibu lolote atakalotoa linamfanya msaliti. Aliyekuja ni mama yake, na nilimpa nafasi ya kwanza. Alisema kwa kifupi kwamba kutoka Igoma mpaka Mabatini na kurudi ni nauli ya kila siku na hana. Kisha akamgeukia mwalimu wa kwanza, "Baba, mimi sikukuaga. Kosa ni langu." Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Ule ugomvi uliisha pale. Yaliyofuata ilikuwa kuandika.

Tuliandika nusu ukurasa, kwa maneno yao wenyewe. Mtoto achezee anakoishi. Maneno ya picha yabadilishwe na jina la timu ya Mabatini litajwe. Kwenye fomu ya mchezaji iandikwe miaka mitatu aliyolelewa huko. Na kocha anayempokea mchezaji kutoka timu nyingine ampigie mwenzake kabla ya kusajili. Hili la mwisho lilitoka kwa kijana, na sasa limo kwenye kanuni zetu. Niliuliza kuhusu glavu. Mwalimu wa Mabatini akasema, "Zimeshamkaa mkononi, aache tu."

Nikapanga kuwarudia baada ya wiki tatu. Usiache kurudi. Makubaliano yasiyotazamwa tena hufa, na yakifa huwa mabaya kuliko ugomvi wa kwanza.

Magomvi mengine hayahitaji maongezi marefu. Viwanja, kwa mfano. Mji wetu ni vilima na mawe, uwanda ni wa kutafuta, na timu nne zinagombania uwanja mmoja wa shule kati ya saa kumi na giza. Hapo hakuna moyo uliojeruhiwa, kuna upungufu wa ardhi. Tengeneza ratiba, ibandike ukutani kwa mwalimu mkuu, basi.

Vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, nao dawa yao ni kabla ya msimu. Makocha wote wanakaa chumba kimoja, wanabadilishana mafaili, kila mmoja anakagua ya mwenzake: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rejesta ya shule. Mwenye pingamizi analitoa hapo. Mpira ukianza kudunda, dirisha limefungwa. Wanaoona huu ni usumbufu nawakumbusha mwaka 2005, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walipofuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gambia wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Nchi nzima ilinyimwa safari, na watoto waliostahili wakaadhibiwa pamoja naye.

Kelele za pembeni ya uwanja siku hizi zina sheria yake. Tangu msimu wa 2019/20 refa anaruhusiwa kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu kama mchezaji, na asipomtambua aliyekosa kwenye benchi, adhabu inamwangukia kocha mwandamizi aliyepo. Ukiwasomea hilo mapema, makocha wakuu wanawatuliza wasaidizi wao wenyewe.

Lakini kuna ugomvi unaofanana na utovu wa nidhamu kumbe ni jambo jingine. Timu moja ya Kirumba, kocha msaidizi alimshtaki mkuu wake kwamba anatelekeza watoto, haji mazoezini siku kumi mfululizo kisha anatokea kama bosi. Kamati ilitaka kumwondoa. Nilichukua tarehe alizokosa nikazipanga. Yule bwana anauza dagaa soko la Mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika. Siku alizokosa zote zilikuwa za giza, siku ambazo mzigo unaingia alfajiri na mtu analala mchana. Hakuwahi kumweleza msaidizi wake kwa sababu alidhani kila mtu wa Kirumba anajua, na msaidizi ni mgeni, katoka Shinyanga. Tukagawa mwezi: giza anashika msaidizi, mbalamwezi anashika mkuu. Wanafanya hivyo mpaka leo.

Jambo moja la muundo nalitilia mkazo kwa waratibu: anayesuluhisha asiwe anayeadhibu. Mimi sikai kwenye kamati ya nidhamu. Kocha akiniambia kijiweni kwamba ndiyo, alimtukana mwenzake, maneno hayo siyapeleki kwenye kamati. Angejua nayapeleka asingeniambia, na bila hilo sina pa kuanzia.

Siri hiyo ina mpaka, na naueleza kabla mtu hajafungua mdomo. Kocha aliyempiga mtoto, aliyemshika isivyofaa, anayemwita mtoto nyumbani kwake peke yake, huyo sina usuluhishi naye. Hakuna kikao cha bega kwa bega, hakuna kuombana msamaha mbele ya wazee na kuyamaliza kifamilia. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, tuna afisa ustawi wa jamii, tuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure. Kocha anasimama kando siku hiyohiyo. Nimewahi kuambiwa nina haraka, kwamba mtu ana jina mtaani. Nalijali sana jina la mtu, mmesoma hapo juu. Mwili wa mtoto unatangulia.

Wapo makocha wawili wa Ilemela ambao kesi yao niliisuluhisha misimu minne iliyopita, na mpaka leo hawasalimiani. Nilikuwa naliona hilo kama kushindwa kwangu. Makubaliano yao yana mambo matatu: mipira inaletwa na mwenyeji, refa anatoka kata ya tatu, na baada ya mechi watoto wanapeana mikono hata kama wakubwa hawapeani. Jumamosi iliyopita walicheza Pasiansi, mvua ikakatisha kipindi cha pili, watoto wote wakakimbilia kibaraza kimoja. Wale walimu wawili walisimama ncha mbili za kibaraza, kila mmoja anahesabu wake. Kisha mmoja akapaza sauti kwamba kwake kuna mmoja amezidi. Mwenzake akaja kumchukua.