Namba ya ishara ni nini? Tisa ya Misri na tisa ya Ugiriki

Tukisema siku za mwizi ni arobaini, hakuna anayekaa na kalenda. Arobaini hapo ina maana kwamba muda wake utatimia na atakamatwa tu. Hiyo ndiyo namba ya ishara: namba iliyopewa kazi ya kusema jambo, si kuhesabu vitu. Visasili vya Misri na Ugiriki ya kale vimejaa namba za namna hii, na msomaji asiyezitambua huishia kuhesabu miungu kwa vidole, akidhani watu wa kale hawakujua hesabu.

Naanza na Misri, maana huko ishara inaonekana kwa macho, ndani ya maandishi yenyewe. Katika hieroglifi, yaani maandishi ya picha ya Wamisri wa kale, mwandishi alipotaka kuonyesha kuwa kitu ni kingi, aliweka vistari vitatu kando ya neno. Mchoro wa nyumba wenye vistari vitatu ni nyumba nyingi, ziwe tano au mia tano. Basi tatu ilikuwa alama ya wingi. Sasa chukua tatu mara tatu: unapata wingi wa wingi, yaani wote, asibaki hata mmoja. Hiyo ndiyo tisa.

Ndiyo maana miungu wa mji wa Iunu, ambao Wagiriki waliuita Heliopolis na leo umemezwa na jiji la Cairo, walikuwa tisa: Atum aliyejiumba mwenyewe, watoto wake Shu na Tefnut, wajukuu Geb (ardhi) na Nut (mbingu), kisha vitukuu wanne, Osiris, Isis, Seth na Nephthys. Kundi hilo liliitwa Pesedjet, yaani Tisa. Lakini nenda kwenye mahekalu ya Karnak, katika mji wa kale wa Thebes, utakuta Tisa yenye miungu 15. Jina lilibaki lile lile, wala halikuwa kosa. "Tisa" ilikuwa na maana ya baraza zima la miungu wa mahali pale.

Maadui wa mfalme nao walikuwa tisa. Waliitwa Pinde Tisa, na orodha ya mataifa yaliyohesabiwa humo ilibadilika zama kwa zama. Mwaka 1922, mwanaakiolojia Howard Carter alipofika kwenye mlango wa kaburi la mfalme Tutankhamun, alikuta lipu imegongwa mihuri ya walinzi wa makaburi: mbweha amelala juu, na chini yake mateka tisa waliofungwa, watatu watatu katika safu tatu. Ni vile vistari vitatu vya mwandishi, safari hii vimekuwa watu. Muhuri ule unasema kwamba kila adui, awe nani, ameshafungwa.

Ugiriki tisa ina tabia nyingine kabisa. Kule tisa haijatimia. Ni muda wa kungoja, na jambo lenyewe huja siku ya kumi. Kiswahili tunayo kauli ya "hiyo tisa, kumi ni hii", na anayeijua hatapata shida kumwelewa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Katika Iliad, utenzi wake wa vita vya mji wa Troy, mishale ya mungu Apollo inaleta tauni katika kambi ya Wagiriki siku tisa, na siku ya kumi shujaa wao Achilles anaita mkutano. Katika utenzi wake mwingine, Odysseus, shujaa anayerudi kwao kutoka vita hivyo, anapeperushwa baharini siku tisa, ya kumi anafika kwa wala-loto, watu wanaokula tunda la kusahaulisha. Baadaye anaelea juu ya mabaki ya chombo chake siku tisa nyingine, na usiku wa kumi miungu inamfikisha kisiwa cha mungu wa kike Calypso. Mshairi mwingine wa Kigiriki, Hesiod, naye anasema fuawe la shaba likidondoka kutoka mbinguni litaanguka siku tisa, mchana na usiku, na kugusa ardhi siku ya kumi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa bandari ya Aulis, kabla ya merikebu kwenda vitani Troy. Wagiriki wanatoa kafara chini ya mti, kando ya chemchemi. Nyoka mwenye mgongo mwekundu anatoka chini ya madhabahu, anapanda hadi tawi la juu kabisa ambako makinda wanane wa shomoro wamejikunyata chini ya majani. Anawala wote huku wakilia. Mama yao anaruka akizunguka na kupiga kelele, nyoka anamdaka bawa. Mwaguzi Calchas anahesabu: makinda wanane, na mama wa tisa. Basi tutapigana miaka tisa, wa kumi mji utaanguka. Angalia jinsi mama alivyotakiwa afe ili hesabu itimie. Namba ndiyo inayoiongoza hadithi.

Jambo hilo hilo liko kwenye kumi na mbili. Kazi za shujaa Heracles, kwa masimulizi ya mwandishi Apollodorus, ziliagizwa kumi. Mfalme Eurystheus aliyeziagiza akakataa mbili, moja kwa kuwa Heracles alisaidiwa, nyingine kwa kuwa alidai malipo, akaongeza mbili mpya, zikawa 12. Miungu wakuu nao ni 12, ila majina hayatulii: kwenye ukuta wa Parthenon, hekalu la Athens, yumo Dionysus, Hestia hayumo, na kule Olympia hata mto Alpheus ulikuwa na nafasi yake. Orodha inabadilika na namba inabaki. Ukiona hivyo, jua hiyo ni ishara.

Zipo namba zilizotoka angani au kwenye ardhi yenyewe. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasimulia kwamba Seth aliukata mwili wa Osiris vipande 14, na anavihusisha na siku za mwezi kupungua. Na marehemu wa Kimisri alipoingia ukumbi wa Maat, mungu wa kike wa kweli na haki, alikuta waamuzi 42. Alimtaja kila mmoja kwa jina lake, wengi pamoja na mahali alikotoka, na mbele ya kila mmoja akakana dhambi moja. Wa kwanza ni Mwenye Hatua Ndefu, aliyetoka Heliopolis. Wataalamu wengi huihusisha idadi hiyo na mikoa ya Misri, 22 ya kusini na 20 ya kaskazini. Marehemu anajitetea, na nchi nzima imeketi kumsikiliza.