Damperi ya usukani si tiba ya pikipiki inayotetema

Mtu akija na pikipiki ya spoti na damperi mpya ndani ya boksi, yaani kile kifaa chenye fimbo na mafuta kinachozuia usukani usigeuke kwa ghafla, swali langu la kwanza huwa ni kwa nini ameinunua. Jibu ni lilelile kila mara: "Usukani unatetema nikilegeza mikono, nataka utulie." Nimelisikia tena wiki hii, na sasa naliandikia ili niwe na mahali pa kuwaelekeza watu.

Pikipiki inayotetema kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, mwendo ukiwa unapungua na mikono imelegea, ina ugonjwa unaojulikana. Tairi la mbele limelika kwa mawimbi, au upepo ni mdogo. Beringi za shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu, zimelegea. Rimu haina balansi. Gurudumu la nyuma limekaa upande kwa sababu mtu alikaza mnyororo bila kulinganisha alama za pande zote mbili. Au kuna mzigo mzito umefungwa nyuma kabisa, mbele pamebaki pepesi. Funga damperi juu ya hayo yote na kutetema kutaisha, na hapo ndipo ninapopata hasira: dalili imenyamazishwa, beringi zinaendelea kulika, na mwenye pikipiki anaongeza mwendo kwa sababu sasa anajiona salama.

Kwa hiyo kabla boksi halijafunguliwa, nainua gurudumu la mbele lielee. Nashika miguu ya shokapu chini na kuivuta mbele na nyuma. Ikicheza, shingo imelegea. Kisha nageuza usukani polepole sana. Ukigota katikati, beringi zimejichimbia vishimo na hakuna kukaza nati kutakakosaidia, zinabadilishwa. Usukani usio na tatizo ukiusukuma kidogo tu kutoka katikati huanguka wenyewe hadi mwisho. Wapo wengi wanaoondoka baada ya hatua hii na damperi yao bado kwenye boksi, pikipiki imetulia kabisa.

Damperi ina kazi yake halali. Pikipiki ya spoti ina shingo iliyosimama, karibu digrii 24 kutoka wima, na treili (umbali ambao tairi la mbele linagusa lami nyuma ya pale mstari wa shingo unapofika chini) isiyozidi sana milimita 100, ndiyo maana inaingia kona upesi. Ukifungua mafuta kwa nguvu juu ya barabara yenye mabonde, gurudumu la mbele linakuwa jepesi au linaachana na lami, kisha linatua likiwa limepinda kidogo. Tairi linajirudisha kwa ghafla, linapitiliza katikati, linarudi tena, na usukani unapiga huku na huku mara 6 hadi 10 kwa sekunde. Hakuna mikono ya kuukamata. Damperi inakula nguvu ya mapigo ya kwanza, yangali madogo, ili yasikue. Suzuki TL1000S ilipotoka mwaka 1997 ililalamikiwa sana kwa tabia hii, na kiwanda kikaishia kuifungia damperi.

Sasa imani ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza: kwamba ukikaza zaidi unakuwa salama zaidi. Watu hufunga kliki zote, yaani hatua za kitufe cha kukazia damperi, mpaka mwisho kisha wakajisifu kwamba usukani umekuwa mgumu kama chuma.

Pikipiki inayokwenda haibaki wima kwa sababu usukani umetulia. Inabaki wima kwa sababu usukani uko huru kugeuka. Ikianza kulalia kushoto, gurudumu la mbele linajigeuza kushoto lenyewe, linarudi chini ya uzito, na pikipiki inainuka. Hilo linatokea muda wote, kwa miondoko midogo ambayo hata huihisi. Damperi iliyokazwa kupita kiasi inachelewesha miondoko hiyo. Gurudumu linafika mahali panapotakiwa baada ya muda wake, pikipiki imeshalala zaidi, kisha linasahihisha kupita kiasi upande wa pili. Kwa mwendo mdogo utaona unapepesuka kwenye foleni na unapigana na usukani. Kwa mwendo mkubwa ni hatari zaidi: pikipiki nzima, pamoja na mwendeshaji, inayumba polepole, mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Huku ni kuyumba, si kutetema. Ni mambo mawili tofauti, na mwaka 1971 mtafiti Robin Sharp aliyatenganisha vizuri katika hesabu zake za uthabiti wa pikipiki. Damperi inapunguza kutetema, lakini kwenye kasi kubwa inaweza kuongeza kuyumba. Unapokaza kliki unahama kutoka tatizo moja kuelekea jingine.

Honda walilielewa hili. CBR1000RR ya mwaka 2004 ilikuja na damperi ya kielektroniki ambayo hubaki laini kwa mwendo mdogo na kukaza mwendo na mchapuko vinapoongezeka. Kama ugumu wa kudumu ungekuwa usalama, wasingehangaika na vali wala kompyuta.

Halafu kuna swali la "kliki ngapi?" Mtu ameona namba kwa mwenzake anataka namba ileile. Haiwezekani, hata kama damperi zimetoka kiwanda kimoja. Tuseme nguvu ya damperi inakua sawa na kasi ya fimbo yake. Ukisogeza mahali pa kufungia kutoka sentimita 5 hadi 6 toka mhimili wa shingo, fimbo inakwenda kwa kasi zaidi, na papo hapo nguvu yake inapata mkono mrefu zaidi wa kuzuia usukani. Mambo hayo mawili yanazidishana: 36 kwa 25, yaani ongezeko la asilimia 44 bila kugusa kliki hata moja. Klampu, kibanio kinachoishika damperi kwenye bomba la shokapu, iliyofungwa juu kidogo au chini kidogo inabadilisha kila kitu. Namba ya mwenzako ni ya pikipiki ya mwenzako.

Kufunga kwenyewe si kazi ndefu. Usukani ukiwa umenyooka, fimbo iwe katikati ya mwendo wake. Ukikata usukani hadi mwisho pande zote mbili, fimbo ibakize nafasi. Kizuizi cha fremu ndicho kisimamishe usukani. Damperi ikigeuka kizuizi, siku ya kuanguka itavunjika yenyewe au itapinda kitu cha gharama zaidi. Angalia mipira ya breki, nyaya na feringi, shokapu zikiwa zimebonyezwa pia. Klampu ya shokapu ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, maana bomba likibonyea kidogo tu, shokapu itakwama.

Pasipoharakishwa ni kwenye viungo vya ncha. Kutetema huanza na mwondoko mdogo mno. Kiungo kikicheza hata nusu milimita, au hewa ikiingia kwenye mafuta, damperi haifanyi lolote katikati kabisa, mahali hasa inapohitajika. Shika fimbo, igeuze mwelekeo kwa haraka, na usikubali uwazi wowote. Baada ya hapo anza na kliki zote zikiwa wazi, ongeza moja moja mpaka usukani ukatae ukiupeleka kwa ghafla, lakini uende bila kizuizi ukiupeleka polepole.

Kuna jambo linalonisumbua ambalo miongozo hulipita. Mwendeshaji mwenyewe ni damperi: mikono yake, mabega yake, namna anavyobana tenki kwa magoti. Pikipiki moja, kliki zilezile, mmoja atasema inayumba na mwingine aseme iko sawa. Mteja akirudi na malalamiko siwezi kuapa palepale kama ni kazi yangu, shokapu ya nyuma, au jinsi anavyong'ang'ania hendeli. Tunalegeza kliki moja, anajaribu, tunabadilisha kitu kimoja tu kila mara. Na kwa pikipiki nyingi za barabarani zilizotoka kiwandani bila damperi, zinazoendeshwa kwa mwendo wa kawaida, sijashawishika kwamba inahitajika.

Ukiifunga, kagua nati zake baada ya safari ya kwanza, na kila unapoosha pikipiki pitisha kidole kwenye sili ya fimbo. Ukikuta mafuta, ivue.