Kurekodi michezo ya nje: dhana zinazowaponza wapiga video chipukizi

Dhana inayowaponza wengi ni kwamba uwanja wa wazi ni rahisi kurekodi kwa kuwa mwanga umejaa tele. Ukweli ni kwamba jua la mchana ndilo tatizo la kwanza. Ukirekodi fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, mwendo huonekana wa kawaida shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ikiwa karibu na 1/50 ya sekunde. Kwa fremu 50, karibu na 1/100. Sasa chini ya jua kali, ukiwa na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 100 na shata ya 1/100, tundu la lenzi inabidi lifungwe hadi f/16, yaani liwe dogo sana. Ukitaka f/2.8, tundu pana, ili mchezaji atengane na watu walio nyuma yake, mwanga unaoingia unazidi mahitaji mara 32. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, itaharakisha shata mno, na miguu ya mkimbiaji itaonekana kurukaruka badala ya kukimbia. Dawa ni filta ya ND, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga, mbele ya lenzi. ND32 hupitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 32. Ningemshauri yeyote anunue filta kabla ya kufikiria kamera mpya, hata anayetumia simu, maana tundu la lenzi nyingi za simu haliwezi kabisa kufungwa.

Alasiri huja shida nyingine: kivuli cha jukwaa kinafunika nusu ya uwanja. Mpira ukivuka mpaka wa kivuli, kamera inayojirekebisha yenyewe hupapatika, mara giza, mara weupe wa kuumiza macho. Wengine hujipa moyo kwamba watarekebisha kwenye kuhariri. Sehemu ya giza inaweza kuinuliwa kidogo, japo chengachenga zitaongezeka; jezi nyeupe iliyoungua kwa mwanga kuzidi haina tena kitu cha kurudisha. Pima mwanga kwa upande wa jua, ufunge mpangilio wa kamera hapo.

“Zumu kubwa inamaliza umbali.” Haimalizi. Zumu ya kidijitali hukata kipande cha picha na kukitanua, basi. Zumu halisi ya lenzi ni bora zaidi, lakini inakuza na mtikisiko wa mkono, na siku ya joto inakuza pia hewa moto inayopanda kutoka ardhini, ile inayofanya wachezaji wa mbali waonekane kama wanayeyuka. Hakuna lenzi inayoondoa hali hiyo. Kinachosaidia ni kusogea karibu na kupanda juu.

Na hapo ndipo penye kosa ninaloliona kila mara: kudhani kwamba mpiga video mzuri hukimbia kandokando ya uwanja akifuata mpira. Ukivuka upande wa pili, timu iliyokuwa ikishambulia kulia ghafla inashambulia kushoto, na mtazamaji anapotea. Chagua upande mmoja, karibu na mstari wa katikati, mahali palipoinuka, jua likiwa mgongoni. Kamera ikae kwenye stendi yenye kichwa kinachozunguka taratibu. Kisha usiubane mpira ndani ya fremu. Acha nafasi mbele yake, kwa sababu utamu wa krosi uko kwa yule anayekimbilia langoni kabla mpira haujamfikia. Anayeubana mpira huikosa mbio hiyo yote.

Upepo nao hudharauliwa kwa kuwa kuna programu za kusafisha sauti. Mvumo mdogo unapungua kweli. Ila upepo mkali unapopiga maikrofoni moja kwa moja, mawimbi ya sauti hukatwa vilele, na filimbi ya mwamuzi iliyomezwa humo hairudi ilivyokuwa. Kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni hufanya kazi ambayo programu haiwezi.

Mwendo wa polepole pia huamuliwa kabla ya tukio. Fremu 100 kwa sekunde, zikichezwa kwa 25, hupunguza kasi mara nne bila kukwama. Fremu 25 zikinyoshwa baadaye hukatikakatika, au programu hubuni fremu za katikati na kuacha mguu wenye ukungu.

Kuhusu 4K, kiwango cha juu cha ukubwa wa picha, ina pikseli (vidoti vya picha) mara nne ya kiwango cha kawaida cha 1080p, na inakuruhusu kukata fremu baadaye. Haisaidii fokasi iliyokosewa. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula takriban GB 45, na kamera ndogo iliyoachwa juani inaweza kujizima kwa joto. Ifunike kwa kitambaa cheupe, na uwe na betri ya akiba mfukoni tangu kipindi cha kwanza.