Kasi ikibadilika, risasi huhamia wapi?

Mzee mmoja wa klabu yetu, hapa Uingereza ninakotengeneza bunduki za upepo, aliniletea yake akiwa amenuna. Kwenye mita 50, risasi ya kwanza hupiga juu kwa upana wa kidole. Ya pili hukaribia alama, na kuanzia ya tatu zote huingia tundu moja. Akienda kunywa chai akarudi, mchezo unaanza upya. Alikuwa amezungusha vifundo vya darubini wiki nzima, na darubini ya watu haikuwa na kosa.

Niliipitisha kwenye kipima kasi. Ya kwanza mita 238 kwa sekunde, ya pili 234, zilizofuata 232. Tofauti ya 6 tu, lakini inatosha.

Risasi ikishatoka mtutuni inaanza kuanguka, sawa na embe lililokatika kikonyo. Kasi haiizuii kuanguka, inaipunguzia tu muda wa kuwa njiani. Kwa kasi hiyo, na hewa ikiirudisha nyuma njia nzima, mita 50 huchukua karibu robo sekunde, na katika muda huo risasi hushuka karibu sentimita 28. Mshuko unakwenda na muda mara muda, kwa hiyo kasi ikipanda kwa asilimia 2.5, mshuko unapungua kwa karibu asilimia 5. Hesabu inakupa sentimita moja na nusu hivi. Ndicho kile kidole cha mzee.

Mita 10 hazikuokoi. Katika mashindano ya Olimpiki, ambako kulenga kwa bunduki ya upepo kutoka mita 10 kuliingia mwaka 1984, risasi hutoka kwa mita 175 hivi kwa sekunde na kushuka kama milimita 16. Punguza kasi kwa mita 10 na itashuka milimita 2 zaidi. Kitone cha pale katikati kinachokupa pointi kumi kina kipenyo cha nusu milimita.

Hadi hapo mambo ni mepesi: kasi ikipanda, risasi inapanda. Ndiyo maana watu hushangaa wanapokuta kinyume chake, hasa kwenye bunduki za springi. Mimi mwenyewe niliwahi kubadili risasi nzito kwa nyepesi, kasi ikaongezeka vizuri, na tundu likahamia chini na kushoto. Nilidhani nimelewa usingizi.

Sababu ni kwamba bunduki haitulii wakati risasi bado imo ndani. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni mbele na bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigonga mto wa hewa iliyobanwa, bunduki inasukumwa mbele, na mtutu unatetema kama fimbo uliyoigonga mezani. Risasi hukaa mtutuni kama sehemu 3 katika 1,000 za sekunde, na ndani ya kipindi hicho mdomo wa mtutu unapanda, unashuka, unayumba pembeni. Risasi inaondoka na mwelekeo inaoukuta pale mlangoni. Yenye kasi inawahi kutoka kabla mdomo haujapanda, ya polepole inachelewa na kutoka ukiwa umeinuka. Kwa masafa mafupi, kupanda huko kunaweza kuzidi kile ilichopoteza kwa kuanguka. Ndiyo maana pia ukibadili mahali mkono wako unapoishikia bunduki ya springi, alama zinahama hata kama kasi ni ileile.

Bunduki za mtungi, zinazosukuma risasi kwa hewa iliyobanwa mtungini, hazirushi teke kama hilo. Zisizo na regulata, kile kifaa cha kusawazisha presha, zina ugonjwa wao: mtungi ukiwa umejaa hadi presha ya bar 200, presha yenyewe inaibana valvu isifunguke vya kutosha, kasi inakuwa ndogo, presha ikishuka kasi inapanda, kisha inashuka tena mtungi unapokaribia kuisha. Piga risasi 60 bila kugusa darubini, uone zinavyopanda na kuteremka.

Ya mzee ilikuwa na regulata, ndugu yake ile ya mtungi wa gesi ya kupikia. Kazi yake ni kupokea presha ya mtungini na kutoa ileile kila mara, bar 100 hivi. Yake ilikuwa inavuja polepole. Bunduki ikipumzika, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, presha mbele ya valvu inapanda, na risasi ya kwanza inaondoka na ziada hiyo. Ukipiga mfululizo haipati nafasi. Bahati yake, kasi ya bunduki ilikuwa imewekwa chini kidogo: kwa risasi ya gramu 0.547 anayotumia, kasi ya kama mita 244 ingemvusha kikomo cha sheria cha nishati ya risasi, futi-pauni 12, na hapo bunduki inahitaji cheti cha silaha za moto.

Nilifungua regulata, nikakuta uchafu umechora mfereji kwenye kiti cha valvu, kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikaweka kipya, nikaiacha bunduki ilale usiku kucha. Asubuhi risasi ya kwanza ilikwenda 232, ya pili 231, ya tatu 232.

Iliyobaki ni darubini. Amesahau aliizungusha mara ngapi, na upande upi.