Zabibu bila sumu Tabora: subiri masika yaishe ndipo ushike mkasi

Mtu akisikia nalima zabibu huku Tabora huniuliza kwa nini sikwenda Dodoma. Akisikia na kwamba nalima kilimo hai, yaani sipulizi sumu za viwandani, anacheka. Swali la kwanza ni la haki. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, sisi tunapata kati ya 700 na 1,000, na mzabibu hauna urafiki na unyevu wa majani. Lakini tazama mvua yetu inanyesha lini. Inaanza Novemba, inakatika Aprili, na kuanzia Mei hadi Oktoba unaweza kuanika karanga nje usiku ukalala bila wasiwasi. Hiyo miezi mikavu ndiyo mtaji wangu wote.

Ulaya mzabibu hupukutisha majani, hulala majira ya baridi na kuamka joto likirudi. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo kinachouamsha ni mkasi. Ukipogoa leo, baada ya wiki moja au mbili macho yanavimba na kuchipua, na baada ya miezi minne hivi, kutegemea aina, unavuna. Maana yake mkulima ndiye anayechagua ua litafunguka katika hali gani ya hewa na tunda litaivia katika ipi. Dodoma wanalitumia hilo kuvuna mara mbili, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mimi navuna mara moja tu, na wapo wanaoniona mvivu.

Sababu ni ugonjwa unaoitwa ubwirivinyoya. Unaanza kama madoa ya njano juu ya jani, yanang'aa kidogo kama tone la mafuta kwenye karatasi. Geuza jani asubuhi kabla jua halijakausha umande, utakuta vinyoya vyeupe upande wa chini. Vikifika kwenye kichane kichanga, punje zinasinyaa na kuanguka. Wataalamu wa zabibu wana kipimo cha zamani: joto lisipungue nyuzi 10, mvua ifike milimita 10, na hali hiyo idumu saa 24, basi ugonjwa una kila unachohitaji kuanza. Sasa niambie ni wiki gani ya Januari Tabora haina hali hiyo.

Utaniambia kilimo hai kinaruhusu kuukinga ugonjwa huo kwa mrututu, ile chumvi ya bluu, uliochanganywa na chokaa. Kweli, kinaruhusu. Ila mrututu ni shaba, na shaba haiozi wala haivukizwi na jua. Inabaki kwenye tabaka la juu la udongo mwaka baada ya mwaka. Umoja wa Ulaya, ambako mrututu umepulizwa kwenye mizabibu tangu karne ya 19, umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Udongo wetu ni wa kichanga, mboji yake kidogo, na udongo wa namna hiyo hauna cha kuishika shaba isidhuru mizizi na nyungunyungu. Kuvuna Februari kungenilazimu kupuliza kila mvua inapoosha majani. Mavuno hayo nayaacha yapite.

Hata hivyo napogoa mara mbili. Si jambo geni. Wakulima wa Maharashtra nchini India nao hupogoa mara mbili na kuvuna mara moja, ila kalenda yao imegeuka kwa sababu masika yao ni Juni hadi Septemba. Mkato wangu wa Novemba ni wa kujenga matawi. Vichane vikijitokeza navikwanyua vikiwa bado vidogo kama nyuzi za kijani. Msimu huo mti unafanya kazi moja kubwa ambayo wengi hawaioni: ndani ya kila jicho linalokua pembeni ya jani, mwanzo wa kichane cha msimu unaofuata unaumbika. Jicho linahitaji mwanga ili litengeneze kichane. Likikaa kivulini linatengeneza kikono cha kushikia waya tu. Ndiyo maana katikati ya mvua utanikuta shambani, napunguza machipukizi, nafunga yaliyobaki kwenye waya yasilaliane. Shamba lililoachwa likawa kichaka Januari litakupa majani mazuri sana Juni, na zabibu za kuhesabu.

Mkato wenyewe wa mavuno nafanya mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, nikishaona mvua zimeaga kweli. Tawi lililokomaa, lenye rangi ya kahawia na unene wa penseli, nalikata niache macho mawili, mara chache matatu. Ukiacha tawi refu, macho ya nchani yanaamka kwanza na ya chini yanabaki yamelala. Wenye mashamba makubwa nchi za joto hupaka kemikali ya kuyaamsha yote kwa pamoja. Kwenye kilimo hai hairuhusiwi, na ukikata fupi hutaihitaji sana. Nakata kwa mshazari, mteremko ukielekea upande usio na jicho, kwa sababu mkato utalia maji siku kadhaa na jicho likilowana hovyo linaoza. Maua yanafunguka Juni, hewa kavu, usiku una ubaridi. Vichane vinaiva mwishoni mwa Agosti na Septemba, kabla joto la Oktoba halijakaza.

Kiangazi nacho kina ugonjwa wake, ubwiriunga, ambao hauhitaji mvua hata tone. Unapenda joto la wastani na kivuli, na unaonekana kama mtu kakunyunyizia unga wa sembe kwenye punje. Dawa ya kwanza ni kuondoa majani yanayofunika vichane upande wa jua la asubuhi. Upande wa magharibi nayaacha, la sivyo jua la saa tisa linababua punje. Ya pili ni maziwa, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, yapulizwe kukiwa na jua na kabla ugonjwa haujatapakaa. Ng'ombe hawakosekani mkoani kwetu, kwa hiyo ni rahisi kuliko salfa. Salfa naitunza kwa hali mbaya na naipuliza jioni, maana joto likizidi nyuzi 30 inaunguza majani. Usiichanganye na mafuta ya mwarobaini wala kuyafuatanisha karibu karibu.

Adui wangu halisi lakini ni mchwa. Kiangazi kikikolea, nyasi zote zimekauka na moto wa porini umepita, kitu pekee chenye unyevu ni shamba lako. Nguzo zilizotiwa dawa viwandani sizitumii, kwa hiyo nguzo za pembeni ni za zege. Samadi naiweka iliyooza kabisa, kwa sababu samadi mbichi ni mwaliko. Matandazo nayatandika kwa wingi katikati ya mistari ila nayaachia shina nafasi ya kiganja. Na matawi niliyopogoa nayarundika mpakani, mbali na mizabibu: mchwa anapenda zaidi kilichokufa kuliko kilicho hai, basi ale huko.

Mashamba mengi yanayopatikana huku yalikuwa ya tumbaku, nalo hilo lina lake. Tumbaku huacha minyoo fundo, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaofanya mizizi ivimbe vinundu, na mzabibu pia huwapokea. Kabla ya kupanda, lima marejea, mmea wa jamii ya kunde, msimu mzima na uichimbie chini ikianza kutoa maua: inawapunguza, na inakupa naitrojeni. Usipande nyanya wala bamia katikati ya mistari, utawarudisha.

Kuna wanaonishauri nichemshe majani ya tumbaku nipulizie, kwa kuwa "ni ya asili". Asili yake siibishii. Nikotini ni sumu kali, kwa anayepuliza na kwa nyuki, na mizinga yangu iko mpakani mwa shamba hilohilo. Nyuki wenyewe wanasingiziwa sana. Ukiona wamejaa kwenye kichane wakati wa kuvuna, angalia vizuri: hawawezi kutoboa ganda la zabibu nzima. Ndege au nyigu ametangulia, wao wamefuata utamu uliokwisha kumwagika. Kwa hiyo fedha ya dawa ya wadudu itumie kwenye nyavu za kuzuia ndege kama kuzumburu na shore.

Maji ni ya kisima. Kwenye kichanga nampa kila mti kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, jumla ndoo mbili za lita 20, tatu kukiwa na joto. Punje zikianza kubadilika rangi napunguza, zisipasuke na zisipooze ladha.

Zabibu haiivi ikishakatwa kama embe, kwa hiyo usivune kwa rangi. Pasua punje utazame mbegu: ikiwa ya kijani, rudi baada ya wiki; ikiwa ya kahawia na inakatika kwa kishindo kati ya meno, leta makasha. Septemba maembe bado hayajajaa sokoni, hivyo wateja wapo. Ukitaka kuuza nje ya wanaokufahamu, tafuta alama ya Kilimohai, inayoonyesha kwamba zao limefuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007. Kikundi cha wakulima kinaweza kuhakikiana chenyewe kwa chenyewe bila kumlipa mkaguzi wa nje.

Wanaotaka pingili za kupanda waje ninapopogoa mwisho wa masika, na gunia lililoloweshwa. Nachukua zenye macho manne: mawili yanafukiwa, mawili yanabaki juu. Weka alama juu ni wapi, maana zikishachanganyika kwenye gunia zote zinafanana.