Mayoglobini kwenye mkojo: si kila mkojo mwekundu ni kichocho

Unguja na Pemba, mkojo ukibadilika rangi jina la kwanza kutajwa ni kichocho. Si bure, maana maradhi hayo tumeishi nayo na watoto wa skuli wamemezeshwa dawa zake miaka nenda miaka rudi. Lakini upo mkojo mwengine, mwekundu uliokoza au wa rangi ya chai kavu, usiohusiana na konokono wala kibofu. Rangi yake inatoka kwenye misuli.

Ndani ya nyuzi za msuli mna protini iitwayo mayoglobini. Inashika oksijeni na kuiweka mpaka msuli uihitaji, na ndiyo inayoipa nyama ya ng'ombe wekundu wake. Nyuzi hizo zikipasuka kwa wingi, hali inayoitwa rabdomayolisisi, mayoglobini humwagika kwenye damu pamoja na potasiamu na kimeng'enya kiitwacho kriatini kinasi. Kwa kuwa ni ndogo, takriban robo ya uzito wa himoglobini, hupenya chujio la figo na kutokea kwenye mkojo. Hapo huitwa mayoglobinuria.

Rangi yenyewe haidhuru mtu. Kinachodhuru ni kwamba mayoglobini huganda kwenye vijifereji vya figo, hasa mtu akiwa amekaukiwa na maji, ikaviziba na kuua seli zake. Potasiamu ina haraka zaidi: ikipanda sana inaweza kusimamisha moyo hata kabla figo hazijalalamika.

Mwaka 1941, madaktari Bywaters na Beall wa London walieleza habari za watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu wakiwa hai na wanazungumza, kisha figo zao zikafeli na wakafa siku chache baadaye. Misuli iliyobanwa ilikuwa imevunjika, na damu iliporudi ikabeba uchafu wote. Kwa mji wenye nyumba kongwe za mawe na chokaa kama Mji Mkongwe, ambako sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, hili si jambo la kusoma tu. Mtu aliyebanwa kwa saa nyingi hutakiwa aanze kutiwa maji ya mshipa angali chini ya kifusi, ikiwezekana.

Kifusi si lazima. Mchumaji wa karafuu aliyeanguka na kulalia mkono wake saa nyingi bila kuonekana hubanwa na uzito wake mwenyewe. Hamali aliyekaa muda mrefu bila kazi, kisha akabeba magunia kutwa kwenye jua kali, anaweza kufikwa, na aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja ajihadhari zaidi na kazi ya namna hiyo. Kuna degedege la muda mrefu, shoti ya umeme, na kwa nadra dawa za kolesteroli za jamii ya statini. Wavuvi nao wajue kuwa sumu ya nyoka wa baharini huvunja misuli, ingawa kuumwa naye ni nadra.

Maabara ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kijiti cha kupimia mkojo kitasema "damu", kwa sababu hakitofautishi himoglobini na mayoglobini. Kwenye hadubini lakini chembe nyekundu hazionekani, au ni chache mno. Kichocho kina chembe hizo, mara nyingi na mayai ya minyoo, na damu yake hupenda kutoka mwisho wa kukojoa. Malaria kali inayovunja chembe za damu nayo hutia mkojo weusi bila chembe, kwa hiyo kinachoamua ni kupima kriatini kinasi: kwa kawaida huwa chini ya yuniti 200 hivi kwa lita, na kwenye rabdomayolisisi hupita 1,000, pengine ikafika makumi ya maelfu. Mkojo ukisharudi rangi yake usikuhadae. Mayoglobini huondoka upesi, kriatini kinasi hubaki juu kwa siku kadhaa.

Tiba ni maji ya mshipa, mengi na mapema, na mashine ya kusafisha damu figo zikishindwa. Ninachokiogopa zaidi ni diklofenaki: mtu ana maumivu ya misuli, anakwenda duka la dawa, anapewa dawa inayozidi kuzielemea figo zilezile.

Anayerudiwa na hali hii mara kwa mara achunguzwe maradhi ya kurithi. Wenye maradhi ya McArdle misuli yao haiwezi kuvunja sukari iliyohifadhiwa, hivyo hukazana mwanzo tu wa kazi. Wengine hushindwa kutumia mafuta, na hao huumia baada ya kazi ndefu, homa au njaa. Hurithiwa kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo watoto wa ami waliooana wana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye nayo. Asiyeweza kutumia mafuta huambiwa asifanye kazi nzito na tumbo tupu, na suala la saumu alizungumze na daktari wake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.